SOMO LA MWEZI: SAA YA KOMPYUTA NA UJIRA WETU



Kila mchuma chai anaijua mizani. Kabla kapu lake halijatundikwa hutazama kama mshale umesimama kwenye sifuri, na usiposimama hapo husema papo hapo mbele ya wenzake. Hakuna amwonaye kuwa mkorofi, kwa sababu kilo hizo ndizo mshahara wake.

Saa nayo ni mizani. Hupima muda wetu kama ile nyingine ipimavyo majani. Lakini wengi wetu tunaoweka kidole kwenye mashine ya getini hatujapata kuuliza saa ile imelinganishwa na nini. Tukiambiwa, "Umechelewa, kompyuta haidanganyi," tunanyamaza. Katika somo hili tutaeleza kompyuta hupata wapi saa yake, hupotea kwa njia gani, na tawi lifanye nini.

1. SAA NI NGAPI KIWANDANI?

Kwanza tufahamu kwamba kiwandani hakuna saa moja. Mashine ya getini ina saa yake ndani. Kompyuta kuu ya ofisini, iitwayo seva, ambayo hupokea kumbukumbu za getini na kupiga hesabu ya mishahara, ina yake. King'ora nacho mara nyingi hupigwa kwa saa ya mlinzi. Zikikubaliana, hakuna taabu. Zikiachana, anayeumia ni mfanyakazi.

Tuchukue mfano. Tuseme kiwanda kina wafanyakazi 400, na kanuni ni kwamba anayechelewa zaidi ya dakika 5 hukatwa robo saa. Saa ya getini ikikimbia dakika 6, watu wote walioingia saa 1 kamili asubuhi wataandikwa saa 1 na dakika 6. Robo saa mara watu 400 ni saa 100 za kazi zisizolipwa, kwa asubuhi moja tu. Jioni mashine itaandika dakika 6 za ziada, lakini dakika chache kama hizo kwa kawaida hazihesabiwi kuwa ovataimu. Na saa ikiwa nyuma, asubuhi tutapona, lakini jioni tukitoka king'ora kilipolia tutaandikwa kwamba tumetoroka kazi kabla ya wakati.

2. KWA NINI SAA YA KOMPYUTA HUPOTEA

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi ambacho hutetemeka kwa kasi inayojulikana. Katika saa nyingi za namna hii ni mitetemo 32,768 kwa sekunde. Kompyuta huhesabu mitetemo hiyo kama sisi tunavyohesabu vikapu. Lakini joto na uzee hubadili mtetemo. Fuwele ikikosea sehemu 20 tu katika kila milioni, saa hupotea karibu sekunde 2 kwa siku, yaani karibu dakika moja kwa mwezi. Basi kompyuta iliyoachwa peke yake bila kulinganishwa lazima ipotee. Si uchawi wala si hila ya mtu.

Jambo la pili ni umeme. Ukikatika, saa huendeshwa na kibetri kidogo cha duara kama sarafu. Kibetri kikifa, kompyuta huamka na tarehe ya miaka iliyopita.

3. SEVA HUULIZAJE SAA?

Dawa ni kuuliza. Seva huuliza seva nyingine katika mtandao kwa kufuata kanuni zinazoitwa NTP. Kanuni hizo zilitolewa mwaka 1985 na Mmarekani David Mills, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme tunamtuma kijana mwenye baiskeli aende stesheni kuuliza saa. Anaondoka saa yetu ikionyesha saa 4 kamili, anarudi ikionyesha saa 4 na dakika 10. Anasema, "Nilipofika, saa ya stesheni ilikuwa saa 4 na dakika 12." Safari nzima ni dakika 10, basi alifika katikati, saa yetu ilipokuwa saa 4 na dakika 5. Kwa hiyo saa yetu iko nyuma kwa dakika 7. NTP hufanya hivyo hivyo, ila safari yake huwa ni sehemu ndogo ya sekunde. Na kama vile kijana akiteremka mlima wakati wa kwenda na kuupanda wakati wa kurudi hesabu yetu ya katikati itakosea, ndivyo njia ya mtandao yenye msongamano upande mmoja inavyoharibu jibu.

Seva zimepangwa kwa madaraja. Saa za atomu na za setilaiti za GPS ni daraja la 0. Kompyuta iliyounganishwa nazo ni daraja la 1, inayoiuliza hiyo ni la 2, na kuendelea hadi 15. Kompyuta ikionyesha 16, maana yake haijalinganishwa na chochote.

Tukumbuke pia kwamba NTP haileti saa ya Kampala wala ya Bujumbura. Huleta saa ya dunia, UTC, kisha kompyuta yenyewe huongeza saa za nchi. Uganda, Kenya na Tanzania huongeza saa 3. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo huongeza saa 2. Kampuni yenye mashamba pande mbili za mpaka na seva moja inaweza kumwandika mtu kwa kosa la saa nzima, na hakuna chombo hata kimoja kilichoharibika.

4. KUTAMBUA UGONJWA

Mwakilishi wa wafanyakazi achukue daftari na simu iliyowekwa kupokea saa yenyewe kutoka mtandaoni. Kwa siku 14, mwanzo na mwisho wa zamu, aandike saa ya simu na saa ya mashine ya getini. Kisha asome tofauti:

(a) Ikikua kidogo kidogo kila siku, mashine hailinganishwi na chochote.
(b) Ikiwa ni saa nzima, moja au tatu, saa za nchi zimewekwa vibaya.
(c) Ikiruka baada ya umeme kukatika, kibetri kimekufa.
(d) Ikikaa pale pale, mfano dakika 6 kila siku, ama mtu ameiweka kwa mkono, ama seva inafuata kwa uaminifu chanzo kibovu.
(e) Ikienda na kurudi, huenda programu mbili zinaivuta saa moja, kila moja upande wake.

5. MASWALI KWA FUNDI

Fundi wa kompyuta si adui yetu. Naye ni mfanyakazi, na daftari letu litamrahisishia kazi. Tumwombe atuonyeshe mambo haya.

Kwanza, aandike amri ntpq -p, au chronyc sources, kwa kadiri ya programu iliyopo. Chanzo kinachofuatwa huwa na alama ya nyota. Katika safu iitwayo reach, namba 377 maana yake maulizo manane ya mwisho yote yamejibiwa. Ikiwa ni 0, hakuna lililojibiwa. Hapo atazame kama ukuta wa ulinzi wa mtandao umefunga mlango namba 123 wa UDP, ambao NTP hupitia.

Pili, vyanzo ni vingapi? Kikiwa kimoja na kikadanganya, hakuna wa kukisuta. Vikiwa viwili vikabishana, hatujui wa kumwamini. Vinne vinafaa, kwani kimoja kikipotoka vingine vitatu vitakikataa.

Tatu, saa imeachana kiasi gani? Programu ya zamani ya ntpd, kwa kawaida yake, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40, hukataa kurekebisha na kujizima. Hivyo saa iliyopotea sana ndiyo huachwa bila msaada, na lazima fundi airekebishe kwanza.

Nne, mashine ya getini yenyewe inauliza saa kwa nani? Seva inaweza kuwa sahihi kabisa huku mashine ikiandika saa yake potofu na kuituma.

6. KAZI YA TAWI

Halmashauri ya tawi ikutane na mwajiri na kudai mambo manne: iandikwe ni saa ipi inayotawala malipo; king'ora, geti na seva vifuate chanzo kimoja; kila marekebisho ya saa yaandikwe, na saa isirudishwe nyuma katikati ya zamu bila kutangazwa; na kosa likigunduliwa, mishahara ya siku zote zilizoguswa ihesabiwe upya.

Nasi tuwe wakweli. Tuandike daftarini hata siku ambazo kosa limetufaa sisi. Daftari linaloandika upande mmoja tu halitasimama mbele ya mwajiri wala mbele ya mwamuzi.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Kazini kwetu kuna saa ngapi zinazogusa malipo, na nani huzirekebisha?
2. Kwa wiki mbili, mashine ya geti moja imekuwa mbele kwa dakika 9 bila kubadilika, ya geti la pili iko sawa. Tuanze kutafuta kosa wapi?
3. Mwenzetu amekatwa siku nzima kwa sababu mashine iliandika mwaka usio huu. Tutamtetea kwa ushahidi gani?