Kijana Mpweke na Wale Wamwitao "Ndugu"

Wazazi wengi wa Bara huwasindikiza watoto wao bandarini Dar es Salaam waendao Unguja kutafuta kazi, wakawaonya juu ya wezi, pombe na marafiki wabaya. Ni wachache wawaonyao juu ya upweke, nao ni hatari kuliko hayo yote.

Tumtazame kijana wa miaka 17 ashukaye Malindi, Mji Mkongwe, akapanda daladala hadi Nungwi au Paje kufanya kazi hotelini. Amepanga chumba peke yake. Jumapili yu zamuni, na minara ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu i mbali. Basi atokee mtu mpole, amwulize habari za mama yake, amkaribishe chai, amwalike kusali jioni. Hapo bado hapana ubaya. Huenda wema ule ni wa kweli. Ubaya waanza siku anapoambiwa ya kwamba mama yake amepotea, na kwamba asipokee tena simu yake.

Iko Malindi nyingine, ya Kenya. Huko Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa lake mwaka 2003, akahubiri kuwa shule na hospitali ni mambo ya shetani. Wafuasi wake waliacha kazi na jamaa, wakahamia msitu wa Shakahola. Tangu Aprili 2023 zilifukuliwa humo maiti zaidi ya 400, za watoto wengi miongoni mwao. Wengi walikufa kwa njaa. Mashtaka yasema waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Aliposhtakiwa mwaka 2024, Mackenzie aliyakana.

Msomaji asijifariji kwamba hayo ni ya wengine. Kule Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya sala iliyofungwa. Viongozi wao, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walilelewa katika Kanisa letu. Dominic Kataribaabo alikuwa padre. Walidai kutokewa na Bikira Maria. Wafuasi walikatazwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Na mtoto asiyeruhusiwa kusema atauliza vipi?

Bwana wetu hakufanya hivyo. Wengi walipomwacha, aliwauliza hata wale Thenashara kama nao wataka kwenda (Yn 6). Naye alipokuwa na miaka 12, baada ya kubaki hekaluni, alirudi Nazareti akawatii wazazi wake (Lk 2). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la 7 Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asishurutishwe katika imani. Kundi limnyimalo kijana mshahara wake, dawa, sauti ya mama yake au ruhusa ya kuondoka, hata likikesha katika sala, yafaa tuliogope.

Wazazi wapenzi, kabla kijana hajapanda boti, mwombeni paroko wenu amwandikie paroko wa huko, ili katekista wa kigango kilicho karibu amtafute. Msimpigie simu kuuliza habari za fedha tu. Mwulizeni anakula na nani, anasali wapi, na kiongozi wao ni nani. Na akiwa amekwisha kunaswa, msimtukane wala kumkana, kwa maana wale wamekwisha kumtabiria kwamba mtafanya hivyo. Mpigieni Jumapili ijayo tena, hata asipopokea.