Ali Muhsin, Mwalimu wa Siti

Somo letu mara hii latoka katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, alichokiandika Shaaban Robert na kutolewa mwaka 1958. Watu hukisoma kwa ajili ya Siti mwenyewe. Leo tumtazame pia mtu aliyekuwa kando yake, yaani mwalimu wake.

Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Wazazi wake walikuwa maskini, wakiishi kwa kufinyanga vyungu. Yeye alivichukua kwenda kuviuza, akinadi njiani. Shule hakupelekwa. Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar, na huko mpiga muziki mmoja, Ali Muhsin, akaisikia sauti yake.

Hapo ndipo penye somo letu. Wengi walimwona muuza vyungu. Ali Muhsin alimwona mwimbaji. Wala hakuishia kumsifu tu. Alimfundisha kuimba na muziki, kisha akampeleka kwa wapigaji wenzake, wakawa wakialikwa pamoja. Kumwingiza mwanafunzi katika kundi lako si jambo dogo, maana huenda akakupita.

Naye Siti alimpita. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu; Siti aliimba na kwa Kiswahili, hata watu wa kawaida wakafahamu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay, India, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Wako waliomdhihaki kwa asili yake ya ufinyanzi. Aliwajibu kwa wimbo. Alifariki mwaka 1950. Lakini Bi Kidude, aliyezisikiliza nyimbo zake tangu utotoni, aliendelea kuziimba hadi uzeeni, akafariki mwaka 2013. Basi kazi ya mwalimu yule ilifika mbali kuliko jina lake.

Sasa tujitazame sisi wa Mbulu na Hanang. Wairaqw wanayo slufay, maombi ya baraka ambayo mzee hunena na waliokusanyika huitikia. Kijana hujifunza kwa kuitikia, kwa sababu amepewa nafasi ya kukaa pamoja na wakubwa. Je, katika kwaya zetu twatoa nafasi hiyo?

Hatuna budi kukiri kosa letu. Siku moja, wakati wa mazoezi, tulimnyamazisha kijana mchunga ng'ombe kwa sababu matamshi yake ya Kiswahili yalituchekesha. Sauti yake ilikuwa nzuri, na sote tuliisikia. Jumapili iliyofuata hakuja, wala hatukumfuata nyumbani kwao. Mpaka leo hatujui kama angali akiimba. Siti naye angeweza kurudi Fumba na vyungu vyake, kama asingepata mtu wa kumwambia, "Njoo nikufundishe."

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Ni nani kijijini kwetu aliye na kipawa, ila twamdharau kwa kabila, kazi au umaskini wa wazazi wake?

2. Sisi wakubwa tunaojua ngoma, kinanda au nota, tumemfundisha nani mwaka huu?

3. Mwanafunzi wetu akitupita, tutafurahi au tutamwonea wivu?

Tukishajibu, tumwendee mmoja wao kabla ya mazoezi yajayo.