Mtoto wako hana meno ya plastiki

SWALI: Daktari, mwanangu wa miezi 6 anaharisha na kutapika, leo siku ya 3, na usiku anachemka. Mama mkwe amempapasa fizi akasema ni meno ya plastiki, kuna mama mmoja huku anayatoa, tumpeleke kabla hayajamuua. Mume wangu anasita. Halafu kaka yake wa miaka 9 alianguka shuleni mwezi uliopita, jino la mbele juu likang'oka zima. Je, litaota jingine? – Mama wa watoto wawili, Kibosho.

JIBU: Barua za gazeti hutembea polepole, kwa hiyo naomba Mungu kwamba unaposoma haya mwanao ameshaonwa. Kama bado anaharisha, liweke gazeti chini, mbebe mtoto mwende. Utamalizia kusoma ukiwa kwenye foleni.

Sasa hayo meno. Nimefungua vinywa vingi vya watoto, wa mlimani na wa tambarare, na jino la plastiki sijaliona hata siku moja. Nilichokuta ni fizi zilizochimbwa. Wanaozichimba hutumia wembe, kisu, spoku ya baiskeli iliyonolewa, na wengine kucha tu. Kwetu maneno haya ya meno ya plastiki, au ya nailoni kama wengine wanavyoyaita, yamevuma tangu miaka ya 1980. Waganda wana jina lao, ebinyo, na mwaka 1969 mtaalamu wa meno wa Denmark, Jens Pindborg, alichapisha habari za jambo hilohilo huko Uganda. Jina ndilo jipya.

Najua kinachowaaminisha watu. Fundi akishamaliza humwonesha mama kitu cheupe kiganjani, laini, kisichofanana na jino analolijua. Mama anarudi nyumbani akiapa kwamba ameyaona kwa macho yake. Ni kweli ameona kitu, ila alichooneshwa ni chonge la mwanawe mwenyewe, lililokuwa bado linatengenezwa. Jino la umri huo ni kama punje ya hindi bichi, ukiibana inatoka maziwa, na hakuna mkulima anayesema hilo ni hindi la plastiki. Mtoto huzaliwa na meno yake yote 20 ya utoto yakiwa yamejificha ndani ya fizi. Ya mbele huchomoza karibu na miezi 6, na chonge hungoja mpaka mwaka na nusu hivi. Kwa hiyo mtoto wa miezi 5 au 6 huwa na uvimbe mweupe kidogo pale chonge lilipolala. Mpapase wa jirani asiyeumwa, utaukuta uleule. Kuhusu muundo wa meno, hayo yanakutosha.

Swali la maana ni kwa nini watoto wengi huharisha katika umri huohuo. Kinga waliyotoka nayo kwa mama inapungua. Wameanza uji na mtori, kijiko kimeanguka chini kikarudi mdomoni. Wanatambaa na kila kitu wanakionja. Na kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani huku mlimani, wapo wanaoteka maji ya mfereji, ambayo yameshapita kwa ng'ombe na nguo za kila aliye juu yako kabla hayajakufikia. Meno hayahusiki hapo, yamekutwa tu njiani.

Na kwa nini wengine hupona baada ya kutolewa? Fuata hesabu ya siku. Kuharisha kwa virusi kama rota hudumu siku 3 mpaka wiki moja hivi, kisha hukoma kwenyewe. Familia husubiri siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne wanaenda kwa fundi. Ya sita mtoto anacheka, na fundi anapelekewa kuku. Mtoto angecheka siku hiyohiyo bila kuchimbwa. Asipopona, akafa, fundi husema mlichelewa kumleta. Kazi ya namna hii haiwezi kumshinda mtu yeyote, kwa sababu kila matokeo yana maelezo yake.

Wale ambao hawakucheka siku ya sita ndio tunaowapokea sisi. Wanaletwa wakiwa wamekauka maji, na juu ya hayo wana vidonda mdomoni, hawawezi kunyonya. Wengine wamepoteza damu ambayo mwili mdogo hauna ya akiba. Wengine wadudu wameingia kwenye damu kupitia jeraha. Chombo kilichotoka kinywani mwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kinaweza kubeba virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na kidonda kichafu ni mlango wa pepopunda. Anayenusurika hubaki na pengo, na jino la ukubwani, ambalo mbegu yake ililala jirani na lile lililochimbwa, linaweza kuota limepinda au lisiote kabisa.

Kinachoua ni kukosa maji na chumvi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Changanya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na maji yaliyochemshwa yakapoa, umpe kwa kijiko robo mpaka nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Zinki kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, hata kama tumbo limetulia; aliye chini ya miezi 6 hupewa nusu. Usimpe dawa ya kufunga tumbo wala mabaki ya vidonge vya babu. Homa ipimwe malaria, hasa kama mlishuka tambarare karibuni. Na tazama kadi ya kliniki: chanjo ya rota inatolewa nchini tangu 2013, matone wiki ya 6 na ya 10.

Macho yakididimia, akilia bila machozi, akipitisha saa 6 bila mkojo, akilegea, akitapika kila kitu, akipata degedege au choo kikiwa na damu, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Hospitali ya Kibosho iko jirani yenu, Mawenzi na KCMC ziko chini hapo. Na hapa nakuwa mkali. Siku 3 za kutapika kwa mtoto wa miezi 6 tayari ni kuchelewa, kwa fundi au bila fundi. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi katika vituo vya serikali. Fundi anataka taslimu.

Mama mkwe usimgombeze. Nenda naye, muuguzi amwoneshe fizi, na kijiko cha ORS umkabidhi yeye, maana ndiye anayeshinda na mtoto. Na kama mmeshamtoa mtoto meno, msifiche. Semeni mapema mlangoni, kidonda kitatibiwa na chanjo ya pepopunda itaangaliwa.

Kuhusu kaka yake. Ndani ya nyumba moja, mdogo alikuwa akimbizwe kwa ugonjwa usiokuwepo, na mkubwa aliyepata dharura halisi ya meno akakaa mwezi mzima. Meno ya mbele ya juu hubadilika kwenye miaka 7 au 8, kwa hiyo hilo lilikuwa la ukubwani. Halitaota jingine.

Lingeweza kurudishwa. Jino la ukubwani liking'oka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na vumbi, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake, mtoto ang'ate kitambaa, mkimbie kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa, au saa moja ikizidi sana. Ukiogopa kulirudisha, litie kwenye kikombe cha maziwa mabichi ya baridi. Mlimani ng'ombe yuko bandani, hamna kisingizio, mgando usitumie. Jino la utoto halirudishwi, hilo litupeni juu ya paa kama desturi inavyotaka. Shavu likivimba pamoja na homa, au mtoto akashindwa kufungua mdomo au kumeza, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kijana wako muda wa kurudisha umempita, lakini mpelekeni wiki hii idara ya kinywa na meno, Mawenzi au KCMC. Meno ya jirani yaliyogongwa siku ile yanaweza kufa polepole bila kuuma, na daktari ataeleza pengo lizibwe vipi wakati taya bado linakua.