SOMO: KADI YA GRAFIKI NA KAZI YA KUJITOLEA



Baadhi ya vijana wetu wana kompyuta za michezo, na wapo waliokwisha jiunga na kazi ya kukokotoa kwa kujitolea. Watafiti wenye hesabu kubwa mno huzigawa vipande vipande, na kila kipande hupelekwa kwa intaneti kwenye kompyuta ya mtu aliyekubali. Folding@home, iliyoanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, huchunguza namna protini za mwili zinavyojikunja. Hakuna mshahara, pointi wanazotoa hazinunui hata unga.

Tangu mwaka 2006 mradi huo unatumia pia kadi ya grafiki, yaani ile inayochora picha kwenye kioo cha kompyuta. Prosesa ni kama fundi mmoja hodari ajuaye kila kazi. Kadi ni kama kundi la wachumaji chai: kila mmoja na kikapu chake, wote wakifanya tendo lile lile kwa wakati mmoja. Hesabu inayogawanyika hivyo huenda mbio sana. Lakini si miradi yote iliyoandikwa kwa kadi. Rosetta@home hutumia prosesa tu. Soma kwanza.

Wachumaji wasipopata mtu wa kupokea na kupima majani, hukaa bure. Ndivyo ilivyo kadi, maana prosesa ndiyo inayoilisha kazi. Anayeijaza prosesa hesabu nyingine kwa tamaa ya pointi huifanya kadi ingoje. Aiachie kiini kimoja cha prosesa kilicho huru. Tena asichukue vipande vingi kuliko awezavyo kumaliza: kila kipande kina siku yake ya mwisho, na kikichelewa hupewa mtu mwingine, umeme wa kwanza ukawa umepotea.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mfuko wa mfanyakazi unapotoboka. Kadi ya wati 200 ikifanya kazi usiku na mchana hula yuniti 4.8 kwa siku, yaani 144 kwa siku 30. Programu ya kadi huruhusu kuwekewa kikomo. Iwekee wati 150, itakula 108. Umeokoa yuniti 36. Kwa kadi nyingi umeme ukipungua robo, kazi haipungui robo, kwa sababu wati za mwisho huongeza joto zaidi kuliko kazi. Wapo wanaoita jambo hili uvivu. Sisi tunaliita hesabu. Futa vumbi kwenye feni pia, kwani kadi ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe.

Je, kompyuta za kazini? Huko Georgia, Marekani, fundi wa kompyuta wa chuo kimoja aliweka programu ya distributed.net kwenye mashine za chuo bila ruhusa. Alishtakiwa kwa makosa ya jinai. Shauri lilimalizika mwaka 2002 kwa uangalizi wa miezi 12, kulipa dola 2,100 na saa 80 za kazi za jamii. Nia yake haikuwa wizi, lakini umeme na mashine havikuwa vyake kuvitoa.

Kwa hiyo mwanachama anayetaka kutumia kompyuta ya kiwanda au ya ofisi ya shamba aombe ruhusa kwa maandishi, ataje mashine zipi na saa zipi, na nakala iliyotiwa sahihi aikabidhi kwa katibu wa tawi.