Kuumba bila udongo

Kuumba si lazima pawe na udongo?

Kwa neno lenyewe, ndiyo, na matata yanaanzia hapo. Mzizi wake umeenea katika lugha za Kibantu kwa maana ya kufinyanga, hivyo Msukuma wa Shishiyu, mkoani Simiyu, akiambiwa Mungu aliumba dunia ana haki ya kuuliza donge lilitoka wapi. Mwandishi wa Uganda, Okot p'Bitek, alisimulia jinsi mapadre wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba. Swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga. Wazee, wakijua mtu huzaliwa na mama yake, walisema hawajui. Walipobanwa, mmoja alimtaja Rubanga, pepo aliyeaminiwa kuwafinyanga watu kwa kupinda migongo yao, na jina hilo likapewa Mungu. Lugha ikipuuzwa, fundisho kubwa huangukia pasipo pake.

Mbona hata vitabu vitakatifu vinataja maji yaliyokuwepo kabla?

Ni hoja nzito. Kitabu cha Mwanzo kinataja mapema vilindi vya maji vyenye giza, na Kurani inataja Arshi, kiti cha enzi cha Mungu, juu ya maji. Mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd alizitumia aya za namna hiyo kuwajibu wanateolojia waliodai kwamba Kurani inatamka wazi uumbaji pasipo kitu. Lakini katika karne ya 2 Theofilo wa Antiokia aliona tatizo la upande wa pili: kama maada ni ya milele sawa na Mungu, basi Mungu ni fundi tu, naye hutegemea malighafi asiyoitengeneza.

Kitu kitatokaje pasipo kitu?

Hakitoki humo, maana utupu si ghala. Maana ya fundisho la uumbaji pasipo kitu ni kwamba hakuna kilichotangulia kusaidia. Mwanateolojia Thomas Aquinas alikwenda mbali zaidi: hata ulimwengu usingekuwa na mwanzo, bado ungekuwa umeumbwa, kwa kuwa hauwezi kuwepo kwa nguvu zake. Chungu hubaki mfinyanzi akifa. Wimbo hukoma mwimbaji anyamazapo. Ulimwengu, kwa fundisho hili, ni wimbo. Ndiyo maana naona Georges Lemaître, padre Mbelgiji aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza na chembe moja, alifanya vema kukataa nadharia yake igeuzwe ushahidi wa dini: fizikia hufuatilia mabadiliko ya kilichopo, na uumbaji si swali la mabadiliko.

Na jina Liwelelo?

Wasukuma humwita Mungu hivyo, kwa jina lililo karibu na lile la ulimwengu. Likisikika kama ulimwengu wenyewe, linapingana na fundisho hili. Likisikika kama Yule ambaye ulimwengu wote ni wake, linalibeba vizuri kuliko neno la mfinyanzi.