Dondoo muhimu: Somo la umeme kwa betri za tochi

Tafuta betri mbili za tochi za volti 1.5, balbu ndogo ya tochi na vipande vya waya. Menya ncha za waya, kisha mwachie mtoto atafute mwenyewe namna ya kuiwasha balbu. Usimwonyeshe haraka. Akiunganisha chanya, balbu na hasi bila kuacha mwanya, itawaka, na hapo ataelewa sakiti kuliko kwa mchoro wowote ubaoni.

Sasa acheni mwanya, muuzibe kwa vitu vya nyumbani: kijiko cha chuma, msumari, kijiti, rula ya plastiki. Kila mara aseme kwanza anachotarajia, ndipo ajaribu. Msikose risasi ya penseli iliyochongwa pande zote mbili. Si metali, lakini hupitisha umeme, ingawa balbu hufifia. Watoto hupenda sana kuuliza kwa nini.

Waya usiunganishe chanya na hasi bila balbu, kwani hupata moto. Betri za simu na za gari msiziguse kabisa.

Soketi ya ukutani ina volti 230 hadi 240, nazo huua. Mwambie hivyo kabla hamjaanza.