Karantini ya Kamaran

Zamani mtu wa Vitongoji, kisiwani Pemba, alipokwenda kuhiji, aliwaaga jamaa zake, akaenda Chake Chake, akavuka hata Unguja, kisha akashika njia ya bahari kwenda Jidda. Lakini kabla ya kufika alikuwa na kituo kimoja cha lazima.

Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji Makka, kikachukuliwa na vyombo hata Misri na Ulaya. Wenye dola wakaingiwa na hofu. Basi mwaka 1882 Waturuki walifanya karantini katika kisiwa cha Kamaran, ndani ya Bahari ya Shamu. Waingereza wakakitwaa mwaka 1915. Mahujaji waliotoka kusini, wa Bara Hindi, Jawa na pwani yetu, waliteremshwa hapo, wakaogeshwa, nguo zao zikatiwa mvuke, wakatazamwa na tabibu. Tena ada walilipa wenyewe. Wengi walinung'unika, maana siku za Hija hazimngoji mtu. Ila karantini iliwakinga na maradhi wao pia, na jamaa waliowangoja nyumbani.

Maswali
1. Kwa nini wenye dola waliogopa?
2. Mahujaji walinung'unikia nini?